37238 imelipwa, 37239 imekataliwa: stenti mbili kwenye vena za mguu wa kushoto

Nyakio_Bili aliuliza:

Wakuu salaam.

Niko Nairobi, nafanya bili za matibabu kwa kampuni inayohudumia kliniki za Marekani. Tunaingia kazini jioni kwa sababu ya tofauti ya saa. Nilikuwa upande wa madaktari wa familia, ambako siku nzima unashinda na 99213 na 99214 (misimbo ya ziara za kawaida kwa daktari). Sasa nimehamishiwa kliniki ya mishipa ya damu iliyoko Texas, na nimekutana na dai ambalo limenikaa kichwani.

Nawaeleza bila kitu chochote cha kumtambulisha mgonjwa. Ni mama wa makamo, mguu wa kushoto umevimba muda mrefu, soksi za kubana hazijamsaidia. Daktari ameandika May-Thurner (vena ya nyonga ya kushoto kubanwa na ateri). Aliingilia vena ya nyuma ya goti la kushoto akiongozwa na altrasaundi, akapandisha katheta mpaka vena kava ya chini, akapiga venogramu (picha ya vena), akapitisha altrasaundi ya ndani ya mshipa (IVUS), akatanua kwa puto, akaweka stenti mbili (vijibomba vya kuushikilia mshipa ubaki wazi) zinazopandiana, kisha akatanua tena kwa puto. Yote yalifanyika kliniki kwake, si hospitalini.

Aliyenitangulia alituma misimbo hii ya CPT (namba za kazi aliyofanya daktari): 37238, 37239, 37248, 37252, 37253 mara tatu, 75820-59, 36010, 76937. Ugonjwa umeandikwa I87.1.

Bima, ambayo ni ya binafsi, imelipa 37238, 36010 na 37252. Zile 37239, 37248 na 75820 zimerudi na CO-97, yaani imo ndani ya malipo ya kazi nyingine. Kwenye 37253 wamelipa moja, mbili wamekataa. 76937 wanataka kumbukumbu.

Msimamizi wangu anasema nibandike modifaya 59 kwenye kila mstari uliokataliwa, nirudishe. Moyo unasita. Lakini pia stenti ni mbili kweli, nimeziona na namba zake za kiwandani ndani ya ripoti. Kwa nini wasilipe ya pili? Na puto je, halina malipo yake? Kila ninachosoma kinaongelea ateri za moyo. Naomba anayeijua kazi hii anieleze taratibu.


Juma_Madai alijibu:

Dada, sisi huwa tunaweka 59 na inapita. Ikikataa, jaribu modifaya XS, ya sehemu tofauti ya mwili. Bima nyingi mashine ndiyo inasoma, si mtu.


Shangazi_Koda alijibu:

Nyakio mwanangu, karibu. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Houston, na kazi yangu ya miaka mingi ni misimbo ya mishipa. Moyo wako unasita mahali panapostahili.

Juma, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Modifaya 59 ni tamko. Inasema: kazi hii ilikuwa tofauti na ile, mahali tofauti au mshipa tofauti, na ripoti inathibitisha. Ukiibandika bila kusoma ripoti, umemsemea daktari jambo ambalo hakulisema, na jina lililo kwenye dai ni lake. Mashine ikilipa leo, mkaguzi anakuja kesho kutwa akiwa na ripoti mkononi, na yeye ni mtu, anasoma. Nimeona kliniki ikirudisha fedha nyingi kwa mazoea ya namna hiyo, na waliopoteza kazi hawakuwa madaktari.

Sasa tuingie kwenye dai lenyewe.

Kabla ya 2014 stenti za vena zilikuwa chini ya 37205 na 37206, humo humo na ateri kadhaa, na picha za kuongoza stenti ulikuwa unaziandika pembeni kwa 75960. Tangu Januari 2014 zikatenganishwa: ateri zikapewa 37236 na 37237, vena zikapewa 37238 na 37239. Na pale pale vitu viwili vikaingizwa ndani ya msimbo wa stenti: picha zote zinazoongoza uwekaji wake, na kutanua kwa puto kwenye mshipa huohuo. Kwa hiyo ile 37248 yako jibu lake lipo ndani ya maelezo ya 37238 yenyewe. Daktari atanue kabla, atanue baada, atumie puto moja au matano, kama ni kwenye vena iliyowekwa stenti, hakuna mstari wa pili. Ufute. 37248 ingekaa iwapo angetanua mbano mwingine, kwenye vena nyingine ambayo haikuwekwa stenti, na ripoti ikasema hivyo.

Kuhusu stenti mbili, ndipo wengi wanapoteleza. Soma msimbo neno kwa neno: 37238 ni vena ya kwanza, 37239 ni kila vena ya ziada. Hakuna mahali umeandika stenti ya kwanza na stenti ya pili. Hesabu vyumba, usihesabu balbu. Daktari anaweza kuweka stenti tatu ndani ya iliaki ya pamoja (vena kubwa ya nyonga) na bado ni 37238 moja tu.

Utaniambia: lakini stenti zangu zimetoka iliaki ya pamoja zikaingia iliaki ya nje, na hizo ni vena mbili. Kweli, kwa hesabu za CPT ni vena mbili. Ila kuna kanuni ya pili inayotangulia: mbano mmoja ukivuka mpaka wa mshipa mmoja kuingia mwingine, na ukatibiwa kama kitu kimoja, unaandikwa mara moja. Kinachoamua ni mibano mingapi ilikuwepo na ilikaa wapi. Mbano wa iliaki ya pamoja uliopitiliza hadi mwanzo wa iliaki ya nje ni 37238 peke yake, hata kama stenti moja haikutosha urefu wakaunganisha mbili. Mbano kwenye iliaki ya pamoja, halafu kipande kizima cha mshipa ulio wazi, halafu mbano mwingine kwenye iliaki ya nje, hapo 37239 ni haki ya daktari na usikubali anyimwe.

Kwa hiyo kabla sijakwambia lolote zaidi, niletee haya kutoka kwenye ripoti: ameandika nini kuhusu mahali mbano ulipoanzia na ulipoishia, IVUS amesoma nini kwenye kila vena, si kwamba alipita tu, na je, mgonjwa alikuwa amepigwa picha yoyote ya vena kabla ya siku ile? Hilo la mwisho usilidharau.


Nyakio_Bili alijibu:

Shangazi, asante sana. Nimefungua ripoti tena. Nimeitafsiri kwa kadiri nilivyoweza:

"Mbano mkali wa vena ya iliaki ya pamoja ya kushoto unaoendelea hadi sehemu ya juu ya iliaki ya nje. Kwa IVUS, eneo la mshipa limepungua kwa asilimia 78 mahali palipobana zaidi. Femorali ya pamoja ina kipenyo cha kawaida, haina kovu wala donge la damu. Vena kava ya chini imetumika kama alama ya kuanzia." Kisha stenti ya milimita 16 kwa 120, na ya pili milimita 14 kwa 60, zimepandiana.

Picha za kabla: kuna CT ya vena za nyonga iliyopigwa hospitali nyingine wiki chache kabla. Imetajwa kwenye historia ya mgonjwa, kwamba ilionyesha vena ya kushoto imebanwa. Kwenye sehemu ya venogramu ameandika tu kuwa imepigwa na inaonyesha mbano.


Shangazi_Koda alijibu:

Sawa. Sasa tunaongea kwa ushahidi.

"Unaoendelea hadi." Maneno hayo mawili yameimaliza 37239. Ni mbano mmoja. Bima ilikuwa sahihi, na 59 isingeufanya mbano kuwa miwili. Toa huo mstari.

Halafu IVUS. 37252 ni mshipa wa kwanza, 37253 ni kila mshipa wa ziada, na zimekuwepo tangu 2016. Zote mbili ni misimbo ya nyongeza, hazisimami bila kazi kuu. Mwenzako alihesabu vena nne ambazo kifaa kilipita: kava, iliaki ya pamoja, iliaki ya nje, femorali. Kanuni ya mbano unaovuka mpaka iko hata hapa: iliaki ya pamoja na ya nje zikiwa zimeshika mbano mmoja, zinahesabiwa moja. Hiyo ni 37252 yako. Femorali imeandikiwa matokeo kamili, kipenyo, kovu, donge, na daktari alikuwa na sababu ya kuiangalia kwa sababu alihitaji kujua stenti itashukia kwenye mshipa mzima. Hiyo ni 37253 moja. Vena kava "imetumika kama alama ya kuanzia": hakuna uchunguzi hapo, hakuna msimbo. Jumla 37252 na 37253 moja, na ndivyo walivyolipa. Usikate rufaa.

75820 ndiyo ngumu, na hapa nakuomba utulie unisikilize. Venogramu inayoongoza stenti imo ndani ya 37238. Venogramu ya uchunguzi, ile ambayo daktari hakujua kinachoendelea mpaka alipoipiga na uamuzi wa kuweka stenti ukatokana nayo, inaweza kuandikwa peke yake kwa modifaya. Kitabu cha CPT kinauliza kama kulikuwa na uchunguzi wa awali wa kutumia katheta. Mwongozo wa NCCI (kanuni za misimbo isiyoandikwa pamoja) wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani, unakwenda mbali zaidi, unahesabu na picha za CT. Bima nyingi za binafsi zimeazima mfumo wa NCCI. Mgonjwa wako alikuwa na CT, na CT ilishasema vena imebanwa. Ili venogramu ilipwe, ripoti ilipaswa kueleza kwa nini ilibidi kuangalia upya: picha ya CT haikuonekana vizuri, au hali ya mgonjwa ilibadilika tangu wakati ule, au daktari alihitaji kuona sehemu ambayo CT haikuigusa. Ripoti yako haina hata kimoja. Kwa ilivyoandikwa leo, 75820 inatoka.

Sijasema ndiyo mwisho. Una haki ya kumuuliza daktari, na yeye ana haki ya kuandika nyongeza ya ripoti yenye tarehe ya leo. Tatizo ni namna ya kuuliza. Usimwandikie "tafadhali ongeza kuwa CT haikutosha ili tulipwe." Huko ni kumtilia maneno mdomoni, na barua hiyo ikionekana kwenye ukaguzi ni msiba. Mimi huandika hivi:

"Daktari, ripoti inataja CT ya awali ya vena za nyonga pamoja na venogramu ya siku ya matibabu. Tafadhali fafanua lengo la venogramu: ilikuwa ya kuongoza matibabu, ilikuwa ya uchunguzi (eleza sababu), mengineyo, au haiwezekani kubaini."

Basi. Akijibu ilikuwa ya kuongoza, umefunga. Akijibu ilikuwa ya uchunguzi na akaeleza sababu ya kitabibu, una ushahidi wa kukatia rufaa, na hapo 59 inakuwa na miguu ya kusimamia.

36010 wamelipa na ni sahihi. Njia ya katheta inaandikwa pembeni kwenye stenti za vena. Ameingilia mguu uleule akapanda mpaka vena kava, hiyo ni 36010. Siku ukimkuta ameingilia shingoni akashuka hadi iliaki ya kushoto, ni 36011. Akiteremka zaidi hadi iliaki ya nje au femorali, 36012. Wala usiandike 36010 pamoja nazo kwa tundu lilelile moja.

76937 wanataka kumbukumbu kwa sababu msimbo wenyewe unadai mambo matatu: mshipa umekaguliwa kuwa uko wazi, sindano imeonekana ikiingia wakati uleule, na picha imehifadhiwa kabisa. Daktari wengi wanaandika "kwa kuongozwa na altrasaundi" wakaishia hapo. Tafuta picha. Ikiwepo na maneno yapo, tuma. Picha isipokuwepo, futa mstari bila ubishi.

Kitu kimoja hujakitaja: dawa ya kumlegeza mgonjwa. Tangu 2017 imetolewa kwenye malipo ya taratibu kama hizi, inaandikwa yenyewe. Daktari aliyeweka stenti akiwa ndiye aliyeagiza na kusimamia dawa, na kuna muuguzi aliyekaa kumwangalia mgonjwa tu, 99152 ni ya dakika 15 za kwanza na 99153 ni za kila dakika 15 zinazofuata. Lazima kuwe na saa ya kuanza na ya kumaliza, na chini ya dakika 10 haihesabiwi. Angalia karatasi ya muuguzi. Huenda kliniki inapoteza fedha halali huku inapigania zisizo zake.


Juma_Madai alijibu:

Shangazi nimekuelewa, nafuta usemi wangu. Swali: I87.1 inatosha? Mimi nimekataliwa CO-50 kwa stenti nzima, wakasema haina ulazima wa kitabibu.


Shangazi_Koda alijibu:

Juma mwanangu, I87.1 ni msimbo sahihi wa vena iliyobanwa, na May-Thurner inaandikwa hapo. Ni ile hali ambayo ateri ya iliaki ya kulia inapita juu ya vena ya iliaki ya kushoto na kuikandamiza kwenye uti wa mgongo. May na Thurner waliieleza mwaka 1957. Ndiyo maana wagonjwa hawa mguu unaovimba ni wa kushoto mara nyingi.

Lakini kubanwa peke yake hakuleti ulazima. Watu wengi vena hiyo imebanwa kidogo na hawana dalili yoyote maisha yao yote. Bima inajua hilo. Inachotafuta ni mgonjwa anayeumia: mguu uko daraja gani la CEAP, kipimo cha ukali wa ugonjwa wa vena (C3 ni uvimbe, C4 ngozi imebadilika, C5 kidonda kilichopona, C6 kidonda kibichi), alivaa soksi muda gani, na IVUS ilipima kiasi gani. Sera nyingi zinaulizia kupungua kwa eneo kwa zaidi ya asilimia 50. Mgonjwa wa Nyakio ana 78, yuko vizuri. Wako je?

Angalia pia kama ugonjwa umeandikwa wote. Mgonjwa aliyewahi kuganda damu na sasa mguu umeharibika ana I87.0 na tarakimu zake: I87.002 mguu wa kushoto bila matatizo, I87.012 mguu wa kushoto wenye kidonda, na hapo unaongeza L97 ya kidonda chenyewe. Damu iliyoganda zamani kwenye iliaki ya kushoto ni I82.522, iliyoganda karibuni ni I82.422. Hizo mbili usizichanganye, moja inasimulia mgonjwa wa dharura na nyingine mgonjwa wa miaka. Ukiwa na mgonjwa mwenye kidonda kilichokataa kupona, ukamtumia bima I87.1 tupu, umemficha mgonjwa wako. Mwisho wa siku yule mama ndiye anayepokea barua yenye deni ambalo bima ingelilipa, na hajui wa kumpigia.

Na kibali cha awali, je? Namba yake inakaa kisanduku cha 23 cha fomu ya dai. Bila hiyo jibu litakuja CO-197 na hadithi ya CEAP haitasomwa.


Msimbo_wa_Wodi alijibu:

Naongezea upande wa hospitali kwa kifupi, maana nimeona watu wakichukua mafundisho ya kliniki wakayapeleka kwenye UB-04, fomu ya madai ya hospitali. Mimi niko Minnesota.

Mgonjwa akiwa wa kutwa hospitalini, hospitali inaandika 37238 ileile, lakini lazima iongeze na vifaa: C1876 kwa stenti isiyofunikwa yenye mfumo wake wa kuiwekea, C1753 kwa katheta ya IVUS. Vifaa havilipwi peke yake, ila visipoandikwa gharama halisi haionekani. Daktari kwa upande wake anaweka modifaya 26 (kazi ya daktari tu) kwenye 75820 kama inastahili, kwa kuwa mashine si yake. Kliniki kama ya Nyakio, mahali pa huduma 11, haihitaji 26 wala misimbo ya C.

Mgonjwa akilazwa, hospitali inaachana kabisa na CPT. Stenti ya iliaki ya pamoja ya kushoto inakuwa 067D3DZ, ya kulia ni 067C3DZ, iliaki ya nje ya kushoto 067G3DZ. Na huko ile kanuni ya mbano unaovuka mpaka haisomwi kwenye kitabu cha CPT, ina miongozo yake. Malipo yanaangukia DRG (makundi ya malipo ya waliolazwa) 252 hadi 254 kama stenti ndiyo kazi kuu, kulingana na uzito wa magonjwa mengine.


Fistula_Mombasa alijibu:

Samahani kuingilia. Mimi nina madai ya wagonjwa wa figo, stenti ya vena ya bega kwa mgonjwa anayesafishwa damu. Natumia 37238?


Shangazi_Koda alijibu:

Hapana, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma. Tangu 2017 njia ya kusafishia damu ina familia yake, 36901 hadi 36909. Daktari akiingia kwa fistula yenyewe (ateri na vena zilizounganishwa ili kusafishia damu) akaweka stenti kwenye sehemu ya pembeni, ni 36903, na ndani yake mna picha na puto. Stenti ikiwa sehemu ya kati, yaani vena ya chini ya mtulinga kwenda mbele hadi vena kava ya juu, unaongeza 36908 mara moja tu kwa kikao kizima, haijalishi stenti ngapi wala vena ngapi. Lakini kama hakuingia kwa fistula, akaingilia pajani na kupanda hadi huko juu, hapo unarudi kwenye 37238. Soma mstari wa kwanza wa ripoti, palipochomwa sindano. Huo ndio unaochagua kitabu.


Nyakio_Bili alijibu:

Shangazi, nimerudi na habari.

Daktari amejibu barua yako, nimeinakili kama ilivyo. Amesema venogramu ilikuwa ya kuongoza matibabu, CT ilimtosha. Kwa hiyo 75820 nimeitoa. Picha ya altrasaundi ya sindano ipo kwenye mfumo, imehifadhiwa na tarehe, na ripoti ina maneno yote matatu, nimeituma. Karatasi ya muuguzi ina saa za kuanza na kumaliza, dakika 52, na daktari ndiye aliyeagiza, kwa hiyo 99152 na 99153 zimeingia. Mistari ya 37239, 37248 na zile 37253 mbili nimeifuta. Msimamizi hakufurahi alipoona jumla, ila alipoiona barua ya daktari hakubisha.

Sasa nina maswali mawili. Nirudishe kama dai jipya au nifanyeje? Na la pili linanikosesha usingizi: nimetazama madai ya nyuma ya kliniki hii, kuna mengine ambayo 37239 ililipwa, na ripoti zinasema vilevile, mbano mmoja unaoendelea.


Shangazi_Koda alijibu:

Usirudishe kama dai jipya, litagongana na la kwanza likataliwe kuwa ni marudio. Hili ni dai la kusahihisha: kisanduku cha 22 weka 7, na pembeni yake namba ya dai la awali uliyopewa na bima. Medicare haipokei hiyo 7 kwenye madai ya daktari, ina njia zake, lakini hii ni ya binafsi kwa hiyo endelea. Na kwa dakika zako 52: 99152 moja, kisha zinabaki 37, ambazo ni 99153 mbili, halafu zinabaki 7. Nusu ya robo saa haijavukwa, kwa hiyo usiandike ya tatu.

Kuhusu yale ya nyuma, pole mwanangu, lakini umeyaona na huwezi tena kusema hukuyaona. Fedha ya Medicare iliyolipwa kimakosa ina sheria: ikishabainika, inatakiwa kuripotiwa na kurudishwa ndani ya siku 60, na kuishikilia kwa kujua kunaihamisha kutoka kosa la bili hadi kosa la sheria ya madai ya uongo. Bima za binafsi zinafuata mikataba yao. Hilo si lako kuliamua wala kulificha. Andika barua fupi kwa msimamizi na kwa mtu wa uzingatiaji sheria wa kliniki. Taja namba za ndani za madai tu, bila majina ya wagonjwa, nukuu sentensi ya ripoti ya kila moja, na uombe maelekezo kwa maandishi. Weka nakala. Tenga za Medicare ziwe mbele kwa sababu ya zile siku 60.

Wala usifungue dai lolote la zamani kulibadilisha wewe mwenyewe kabla hawajajibu. Kila unapobonyeza, mfumo unaandika jina lako na saa.

Na katika hayo ya nyuma, utakuta baadhi ambayo mibano ilikuwa miwili kweli na 37239 haikuandikwa. Yaweke kwenye orodha hiyohiyo. Daktari naye analipwa kazi aliyoifanya, mradi muda wa kutuma dai haujapita. Kwa Medicare ni mwaka mmoja tangu siku ya huduma.